Kamera Isiyomkimbiza Mnyama

Kamera ya filamu kubwa ni ile ambayo kila picha yake hupigwa juu ya kipande kimoja bapa cha filamu chenye ukubwa wa angalau inchi 4 kwa 5, ilhali filamu ya mkanda, iliyozoeleka katika studio za mitaani kabla ya ujio wa kamera za kidijitali, hutoa picha ya milimita 24 kwa 36 tu. Eneo la kipande hicho ni karibu mara 15 ya picha ya mkanda, na la kile cha inchi 8 kwa 10 ni karibu mara 60. Na kwa kuwa picha haihitaji kukuzwa sana ili itundikwe ukutani, kila jani na kila unyoya hubaki na umbo lake.

Ung'avu huo una gharama. Kamera yenyewe ni mbao mbili, wa mbele ukiishika lenzi na wa nyuma ukiwa na kioo chenye ukungu, na kati yake kuna mvukuto uliokunjwa kama wa kodiani. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, huitazama taswira iliyopinduka juu chini, huirekebisha mpaka ionekane vyema, kisha huifunga lenzi na kuchomeka filamu mbele ya kioo. Tangu hapo haoni tena kupitia lenzi, na swala aliyekuwa amesimama huenda keshaingia vichakani.

Lenzi nayo ni kikwazo. Kazi inayofanywa na lenzi ya milimita 400 katika kamera ya mkanda huhitaji lenzi ya takriban milimita 1,200 katika kamera ya inchi 4 kwa 5, jambo ambalo kwa kawaida hudai mvukuto wa zaidi ya mita moja, unaotikiswa hata na upepo mdogo. Isitoshe, kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo sehemu inayoonekana vizuri inavyozidi kuwa nyembamba, hata jicho la mnyama likawa safi na mkia wake ukapotelea katika ukungu. Kulibana tundu la lenzi husaidia, lakini hurefusha muda wa kupiga, na mnyama hana ahadi ya kutulia. Ndiyo maana kamera hizi zilipata sifa zaidi katika mandhari, kama ilivyokuwa kwa Mmarekani Ansel Adams katika bonde la Yosemite, kwa sababu mlima hausogei.

Hata hivyo, wanyama hawakuachwa kabisa, ila ilibidi mbinu ibadilike: badala ya kumfuata mnyama, mpiga picha alimsubiri mahali ambapo angefika mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za usiku katika nyika zinazouzunguka mlima Kilimanjaro, akitumia kamera za sahani za kioo, zilizotangulia filamu, pamoja na mmweko wa unga wa magnesi, huku mzigo ukibebwa na wapagazi. Simba aliivamia mifugo iliyofungwa kama chambo, na mwanga ukalipuka. Kitabu chake cha mwaka 1905 kinautaja mmweko na bunduki katika jina lake lenyewe, na hilo si la kushangaza, kwani Schillings alikuwa pia mwindaji, wala mbinu ya kumfunga ng'ombe ili aliwe mbele ya kamera haiwezi kutetewa leo.

Aliyeipa mbinu ya kusubiri heshima yake ni Eliot Porter, daktari wa Marekani aliyeacha kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1939 ili awe mpiga picha. Porter alitambua kwamba ndege mwenye makinda hurudi kiotani tena na tena, kwa hiyo aliiweka kamera na taa zake karibu na kiota, hata ikibidi kujenga jukwaa refu kando ya mti, akangoja. Mchapishaji alipomwambia kwamba ndege wasioonyeshwa kwa rangi ni vigumu kutambulika, alihamia filamu ya rangi, na mwaka 1943 picha zake za ndege zilionyeshwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Amon Carter, mjini Fort Worth, Texas.