Je, Wajua? Wingi wa Virusi vya Ebola Huamua Nusura ya Mgonjwa

Wagonjwa wawili wa Ebola waliolazwa siku moja na kupewa dawa ile ile wanaweza kupata hatima tofauti kabisa, na sababu kubwa mojawapo ni wingi wa virusi, yaani kiasi cha virusi kilichomo katika damu yao. Maabara hukadiria kiasi hicho kwa kunakili chembe za urithi za kirusi mzunguko baada ya mzunguko, kila mmoja ukikaribia kuziongeza maradufu, mpaka mashine izitambue. Hivyo, kinyume na inavyodhaniwa, idadi ndogo ya mizunguko humaanisha virusi vingi.

Katika jaribio la tiba lililoanza Novemba 2018 mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, likahusisha wagonjwa 681, baadhi yao walipewa mAb114, ambayo ni kingamwili, yaani protini inayokizuia kirusi kuingia ndani ya seli. Miongoni mwa waliotibiwa kwa dawa hiyo, wenye virusi vichache walifariki takriban 10 katika kila 100, ilhali wale ambao mizunguko yao haikuzidi 22 walifariki takriban 70 katika kila 100, pengo ambalo dawa yoyote, hata iwe bora namna gani, ingelifunika kwa shida, kwa kuwa mara nyingi virusi vikiwa vingi hivyo ini na figo huwa zimekwisha kudhurika. Jaribio hilo lilionyesha pia kwamba kila siku iliyopita kabla ya mgonjwa kufikishwa kituoni iliongeza hatari ya kifo.