Mabao bila daftari



Asubuhi moja wiki iliyopita nilikwenda mwaloni Kibirizi kununua dagaa wa nyumbani. Kabla sijafika kwenye vichanja, wavuvi wawili wakaniita. Walikuwa wamewekeana ndoo ya dagaa wakavu, na walitaka mtu wa redio awaamulie. Swali lao lilikuwa fupi: siku ile ya Aprili 2024, katika Kombe la Shirikisho, Mashujaa ya hapa Kigoma iliifunga Simba au haikuifunga?

Mmoja alisema iliifunga, maana yeye alikuwepo Uwanja wa Lake Tanganyika na aliiona Simba ikiaga mashindano. Mwenzake akajibu kwamba naye alikuwepo, tena walikaa pamoja, na hakuona Simba ikifungwa. Nikawaambia kuwa wote wawili wanasema kweli. Wakacheka, wakidhani mtangazaji amekwepa swali. Leo nimekuja kulijibu mbele ya watu wote.

Mchezo ule ulimalizika kwa sare ya bao 1-1. Ndipo zikapigwa penalti, na Mashujaa ikashinda 6-5 na kusonga mbele. Sasa, sheria za soka zinasema kuwa penalti za namna hiyo, zinazopigwa baada ya mchezo kwisha, ni njia ya kumpata wa kusonga mbele tu. Si sehemu ya mchezo wenyewe. Kwa hiyo mtunza takwimu anaandika: sare 1-1, Mashujaa imepita kwa penalti. Wale waliotikisa nyavu katika mapigo hayo hawaongezewi bao hata moja kwenye hesabu zao. Penalti inayopigwa ndani ya mchezo ni jambo jingine. Hiyo ni bao kama mabao mengine.

Hivyo basi, aliyesema Mashujaa iliitoa Simba alikuwa sahihi, na aliyesema Simba haikufungwa alikuwa sahihi pia. Walichokosa ni kukubaliana kwanza wanahesabu nini. Na hilo, ndugu zangu, ndilo jambo ninalotaka tulielewe leo: rekodi ya michezo ni namba pamoja na kanuni ya kuihesabu. Ukiiondoa kanuni, inabaki porojo ya kijiweni.

Wavuvi wetu wanalijua hili kuliko sisi wa maofisini. Mtu akikuambia kuwa chombo chake kimetoa ndoo 40 za dagaa, humpongezi papo hapo. Unamuuliza: kwa usiku mmoja au kwa giza zima? Maana kila mtu hapa ziwani anajua kuwa mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, na vyombo hupumzika. Aliyetoka ziwani usiku 20 hawezi kulinganishwa na aliyetoka usiku 10, hata kama ndoo zao zinalingana.

Tuupeleke mfano huo kwenye Ligi Kuu. Kila msimu unapokaribia kwisha hutajwa jina la Mohamed Hussein ‘Mmachinga’ wa Yanga na mabao yake 26 ya mwaka 1999, na watu huulizana nani atamfikia. Meddie Kagere wa Simba alifunga 23 msimu wa 2018/19. Stephane Aziz Ki wa Yanga alifunga 21 msimu wa 2023/24. Ukiangalia namba peke yake utasema Kagere amemzidi Aziz Ki kwa mabao mawili, na mjadala umefungwa.

Lakini msimu ule wa Kagere ligi ilikuwa na timu 20, na kila timu ilicheza michezo 38. Msimu wa Aziz Ki timu zilikuwa 16, na michezo 30. Gawanya mabao kwa michezo ya ligi: Kagere anapata bao 0.61 kwa kila mchezo, Aziz Ki anapata 0.70. Sisemi kwamba huyu ni bora kuliko yule. Nasema kwamba mwenye mabao mengi na mwenye wastani mkubwa wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na msikilizaji ana haki ya kuambiwa ni kipi kinachotajwa.

Wenzetu wa Marekani wamelichimba jambo hili kwa kina, hasa katika kandanda yao ile ya kubeba mpira mkononi, inayochezwa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianza kutunza takwimu rasmi za mchezo huo mwaka 1937. Huko hawahesabu pointi tu. Wanapima hata umbali ambao mchezaji amekimbia na mpira, kwa yadi, na yadi moja ni pungufu kidogo ya mita.

Mwaka 1988 kijana Barry Sanders wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma alikimbia yadi 2,628 katika michezo 11. Rekodi hiyo ilikaa miaka na miaka. Mwaka 2024 akatokea Ashton Jeanty wa chuo kingine, Boise State, akafikisha yadi 2,601. Alibakiza 27 tu. Sasa sikilizeni vizuri. Jeanty alicheza michezo 14, si 11. Na Sanders alicheza mchezo mmoja zaidi, ule wa mwaliko wa mwisho wa msimu, akakimbia yadi 222 ambazo hazimo kwenye rekodi yake.

Kwa nini hazimo? Kwa sababu enzi hizo NCAA haikuingiza michezo ya mwaliko katika takwimu za msimu. Ilianza kuiingiza mwaka 2002, na haikurudi nyuma kuwaongezea waliotangulia. Kwa kanuni ya leo Sanders angekuwa na 2,850. Jeanty alihesabiwa kwa kanuni mpya, Sanders kwa ya zamani. Lakini tazameni: Wamarekani wanaweza kubishana kwa akili, kwa sababu kila mchezo umeandikwa pekee yake na kanuni inajulikana. Mtu anaweza kuzitoa zile 222 au kuzirudisha, na hesabu ikakubali.

Mtaniuliza, haya yanamhusu nini kijana anayecheza peku Ujiji? Yanamhusu sana, na hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa kijana kazini, natangaza matokeo ya mashindano fulani ya mitaani hapa mjini. Siku ya mwisho nilitangaza kwa mbwembwe kwamba mfungaji bora ana mabao 11, na anayemfuata ana 9. Kocha mmoja aliyekuwa akitafuta mshambuliaji wa kwenda naye Tabora aliisikia redio, akamchukua yule wa 11.

Baada ya siku chache mwalimu mmoja mstaafu alinijia na daftari la shule lililochakaa. Aliandika kila mchezo: tarehe, timu, dakika, mfungaji. Akanionesha kwa kidole, taratibu, kama anayemsahihishia mwanafunzi. Matatu kati ya yale 11 yalikuwa penalti za kuamua mshindi, zilizopigwa baada ya filimbi ya mwisho. Mabao halali ya kijana yule yalikuwa 8. Mfungaji bora alikuwa yule wa 9.

Niliomba radhi hewani jioni ile ile. Lakini treni ilikwishaondoka, na kocha alikwishaondoka na mtu wake. Yule wa pili leo ni baba wa watoto, anashona nyavu. Hana kinyongo nami. Tukikutana hunisalimu, kisha huniambia, “Tisa, kaka. Yalikuwa tisa.” Nami humjibu, “Tisa, ndugu yangu.” Sijui kama angefika mbali. Ninachojua ni kwamba alistahili kutazamwa, na namba yangu ndiyo iliyomziba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho la mchezaji ni mali. Timu ya mtaani haihitaji kompyuta ili kuitunza. Daftari moja la kaunta linatosha, na mtu mmoja mwenye subira. Kwa kila mchezo aandike tarehe, uwanja na jina la mashindano, maana mchezo wa kirafiki usichanganywe na wa kombe. Aandike matokeo ya muda wa mchezo, na penalti za kuamua mshindi aziweke mstari wake. Aandike wafungaji na dakika, na waliocheza hata kama hawakufunga, maana bila idadi ya michezo hakuna wastani. Mwisho manahodha wote wawili watie sahihi hapo hapo uwanjani, kabla kumbukumbu hazijaanza kunogeshwa.

Mstari ulioandikwa vizuri haubishaniwi. Julai 25, 2021, Uwanja wa Lake Tanganyika, fainali ya Kombe la Shirikisho: Simba 1, Yanga 0, mfungaji Taddeo Lwanga. Muulize wa Mwanga au wa Gungu, wa Simba au wa Yanga. Anaweza kununa, lakini hawezi kuibadilisha. Kwa nini kijana wa timu ya mtaa naye asiwe na mstari wake?

Ama ile ndoo ya dagaa, hukumu yangu ni hii: wagawane nusu kwa nusu, kwa kuwa mchezo uliisha sare. Na kama watasisitiza kuwa lazima apatikane mshindi, basi wapigiane penalti pale ufukweni, ila mimi sitaziandika kama mabao.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.