Mji Mkongwe: Ukinuna, Mtaa Mzima Unajua

Wapenzi wengi tunaota nyumba yenye geti na ukuta mrefu, si ndiyo? Sisi tukaangukia Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye uchochoro ambao ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Siri hakuna! Wiki tuliyonuniana na mke wangu, mzee mmoja wa barazani akaniita: "Mwanangu, mkeo hajambo? Siku tatu hatujamsikia akicheka." Nilichukia, jamani. Yanamhusu nini?

Usiku huohuo homa kali ikamshika. Gari humu halipiti. Kina mama wa chini wakamfunga kanga, vijana wakambeba kwenye kiti hadi Darajani kwenye teksi. Mzee yuleyule mbele, na tochi.

Siku hizi nikitoka kazini lazima nipite Jaws Corner, kahawa chungu na kashata, nisikilize ubishi wa siasa. Ninachohofia ni kingine. UNESCO iliutangaza mji huu Urithi wa Dunia mwaka 2000, watalii wanamiminika, na nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli. Jirani yetu wa mkabala kahama mwezi jana. Mke wangu bado anasalimia dirisha lile kila asubuhi. Hujibiwa, ila kila wiki na mgeni mwingine.