Kwa Nini Tangi Letu Jipya Bado Halina Samaki



Wajumbe wa kamati za sharika waliotembelea kituo chetu cha vijana katika robo hii wameuliza swali moja, kila mmoja kwa namna yake: tangi limejaa maji, pampu inafanya kazi, mbona halina samaki? Wahisani wetu nao wameliuliza kwa barua baada ya kuona picha katika taarifa. Ni swali la haki, kwa kuwa fedha zimetumika na kinachoonekana ni maji matupu. Tungependa kulijibu kwa kirefu, na ili jibu letu liwe la kweli inatubidi tuanze na tangi la kwanza.

Tangi hilo lilikuwa la kioo, la lita 200. Lilinunuliwa ili vijana wajifunze kutunza vifaranga vya perege kabla sharika hazijaanza kuchimba mabwawa. Tulilijaza maji ya bomba siku ya Jumatano, tukayaacha siku mbili ili klorini itoke, na Ijumaa tukaweka vifaranga 40. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili, na sisi wa ofisi ya miradi ndio tuliosisitiza kwamba wakute samaki wanaogelea. Waliwakuta, na picha zilitoka nzuri. Katikati ya wiki iliyofuata vifaranga walianza kupanda juu na kuhema midomo ikiwa wazi, na kabla ya wiki ya pili kwisha tulikuwa tumetoa wa mwisho akiwa amekufa. Maji yalikuwa maangavu kama siku ya kwanza. Wengine walisema muuzaji ametuuzia samaki wagonjwa, wengine wakataja mambo ambayo hatutayaandika hapa. Kijana aliyekuwa akiwalisha alidhani kosa ni lake, akakaa siku kadhaa bila kuja kituoni. Halikuwa lake. Lilikuwa letu sisi tulioharakisha.

Samaki hula, hupumua na kujisaidia katika maji yale yale. Taka kubwa anayotoa ni amonia, na sehemu kubwa yake hutokea kwenye matamvua, yaani yale mashavu mekundu anayopumulia. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Ikiwa kidogo haina rangi wala harufu ya kutambulika kwa pua, ndiyo maana maji maangavu yanaweza kuwa sumu. Ziwani au mtoni husambaa katika maji mengi. Katika lita 200 haina pa kwenda.

Ukali wake hutegemea pia aina ya maji. Katika maji ya nyuzi joto 25 yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ile yenye sumu kali. pH ikifika 8 inakuwa karibu asilimia 5, na ikifika 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo maji yanayotokea kwenye miamba ya chokaa hayasamehi makosa kama maji laini ya milimani. Wanaofuga samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, na tunajua baadhi ya marafiki zetu wa Ulaya wanao sebuleni, wanalifahamu hilo vizuri, kwani maji ya ziwa lile yana pH inayokaribia 9.

Kinachoondoa amonia katika tangi ni bakteria. Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi, aliwatenga bakteria hao kutoka kwenye udongo miaka ya mwanzo ya 1890, akaonyesha kwamba kazi hufanyika kwa hatua mbili. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. (Mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwa wamepata bakteria wanaofanya hatua zote mbili peke yao, lakini kwa mfugaji hesabu haibadiliki.) Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikawa ya rangi ya kahawia. Nitrati ndiyo nafuu. Samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa, na mimea huipenda.

Jambo tulilokuwa hatulijui ni mwendo wa bakteria hawa. Bakteria wa kawaida wa kuozesha chakula wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa. Hawa wetu huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku nzima na zaidi. Tena hawaelei tu majini. Wengi hujishika kwenye changarawe, kioo na hasa sponji ya chujio. Tangi jipya lililooshwa likang'aa halina bakteria wa kutosha hata kidogo. Kuwapata kwa wingi wa kulisafishia samaki maji huchukua wiki nne hadi sita katika joto la nyuzi 25 hadi 28, na zaidi ya hapo mahali penye baridi. Kuyaacha maji siku mbili, kama tulivyofanya sisi, huondoa klorini tu.

Sasa tangi la pili. Tumeliweka juu ya meza ya chuma iliyopimwa kwa pima maji, kwa sababu lita 200 ni kilo 200 kabla ya kuhesabu kioo na changarawe, na meza ikiinama kioo hupasuka. Changarawe tuliiosha kwa maji matupu bila sabuni. Kisha badala ya samaki tukaanza kuwalisha bakteria. Tunatumia mbolea ya SA ambayo kila mkulima anaijua. Ina naitrojeni asilimia 21, hivyo gramu 2, chini ya nusu kijiko cha chai, hutosha kwa lita 200. Ukizidisha sana, amonia huwazuia hata bakteria wenyewe. Asiye na SA anaweza kudondosha chakula kidogo cha samaki kila siku kikaozea humo, ingawa njia hiyo inanuka na ni vigumu kuipima.

Kupima ndiko kunakotuambia tulipofika. Mwanzoni amonia hubaki juu. Baada ya wiki moja au mbili huanza kushuka na nitriti hupanda. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu kipimo cha amonia kinasema sifuri nao wanaweka samaki, kumbe nitriti iko kileleni. Tangi liko tayari siku ambayo tunaweka gramu zetu 2 na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Siku hiyo tutabadilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati, tutaweka vifaranga 10, na wengine watafuata kwa awamu.

Kazi ya bakteria hutumia oksijeni nyingi na pia hushusha pH. Ikishuka chini ya 6 hivi, kazi karibu husimama. Kamati iliyo na maji laini iweke mfuko mdogo wa mawe ya chokaa yaliyopondwa, si chokaa ya kupaka ukutani, ambayo itaua kila kitu. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria ndani ya chujio hukosa hewa na kufa, kwa hiyo tumeomba pampu ya hewa ya betri. Sponji ikiziba isioshwe bombani, bali ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Maji tunayoyapunguza kila wiki, karibu robo ya tangi, yanakwenda kwenye mchicha wa kituo.

Iko njia ya mkato ambayo ni ya kweli: kuchukua sponji iliyokomaa kutoka tangi la zamani na kuihamishia kwenye jipya. Muda unaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Tangi la kituo likikomaa tutawagawia sharika sponji, mradi samaki wake wawe na afya, kwani ugonjwa nao husafiri na sponji.

Tunapoandika tuko wiki ya tano. Amonia inamalizwa ndani ya siku moja. Nitriti bado inageuza kipimo kuwa zambarau. Wageni wetu wanatarajiwa baada ya siku kumi na inawezekana wakute maji matupu. Tumekwisha waandikia kuwaeleza. Kijana yule aliyewalisha vifaranga wa kwanza ndiye anayepima kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Sharika zenye maombi ya matangi zinaombwa kuweka katika bajeti gharama ya vipimo vya maji, na katika ratiba kuacha wiki sita kati ya kujaza maji na kununua vifaranga. Maombi yasiyo na mambo hayo mawili tutayarudisha yarekebishwe.