Ajenti Akikupigia Kuhusu Job ya NGO, Cheki Hizi Rada Kwanza

Simu inaingia, namba hujasevu. Dame wa sauti ya ofisi anakuuliza kama unaweza ongea dakika tano. Kuna shirika linatafuta mtu kama wewe, lakini jina hawezi kutaja sahi. Kabla uanze kuhesabia keja mpya Kilimani, skia vile hii game huendanga.

Nani anamlipa?

Shirika likitaka mkubwa, kama mkurugenzi wa nchi ama mkuu wa fedha, mara nyingi halitangazi ovyo. Labda mwenye kiti bado amekikalia na hajui anatolewa. Labda hawana nguvu ya kusoma CV elfu mbili. Kwa hivyo wanatafuta ajenti.

Kuna ajenti anayepewa kazi peke yake na kulipwa kwa awamu, mtu apatikane ama asipatikane. Huyo ni wa viti vikubwa. Mwingine hulipwa tu mtu wake akichukuliwa, na anaweza kuwa anashindana na maajenti wengine. Malipo huwa ni asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza, mara nyingi robo hadi theluthi. Na yote yanatoka kwa shirika.

Shika hapo: ajenti hakutafutii kazi. Anatafutia kazi mtu. Akinyamaza wiki tatu, si eti anakuchukia. Mteja wake ni shirika, wewe ni mmoja wa watu anaopeleka mezani.

Mbona uchangamke sahi?

Julai 1, 2025, USAID ilifungwa rasmi. Programu nyingi za afya hapa Kenya zilikuwa zimebebwa na hizo pesa, na wasee kibao wakajipata nje. Sahi nafasi unayoomba inaombwa pia na mtu wa miaka kumi kazini. Mlango wowote wa ziada ni wa maana.

Maswali ya kumuuliza

Usiogope, ajenti wa ukweli ameyazoea haya:

1. Shirika limekupa hii kazi, ama unakusanya tu CV?
2. Pesa ya hii nafasi ni ya mfadhili gani, na inaisha lini? Kandarasi nyingi za NGO zinafuata maisha ya mradi. Mshahara mtamu wa miezi nane unaweza kukutoa kwa kazi ya kudumu, kisha urudi kusota.
3. Ni kandarasi ya wenyeji ama ya kimataifa? Mashirika mengi yana ngazi mbili za mishahara, na tofauti si ya mchezo.
4. CV yangu itaenda wapi? Mwambie wazi asiitume popote bila kukuambia. Ikifika kwa shirika moja kupitia maajenti wawili, wanaweza kuitupa ndio wasianze kuvutana nani alipwe.

CV iongee namba

"Nilishughulika na jamii" haimwambii mtu kitu. Andika mradi ulikuwa wa pesa ngapi, kaunti ngapi, mfadhili nani, na ripoti uliandika wewe ama uliziprint tu. Hata kama ulikuwa mweka hazina wa kikundi cha vijana Kayole na mkapata laki tatu za mradi wa taka, hiyo ni kusimamia pesa ya mfadhili. Iandike.

Na usidanganye kuhusu kwa nini ulitoka kazi ya mwisho. Tangu 2019 kuna mpango ambapo mashirika ya misaada huulizana kama mtu aliwahi patikana na kesi ya unyanyasaji wa kingono. Hao watu wanaongea.

Ishu ya doh

Akikuuliza unalipwa ngapi sahi, usikimbilie kutaja. Muulize shirika limetenga kati ya ngapi na ngapi. NGO nyingi zina ngazi zilizopangwa kitambo, kwa hivyo jibu liko. Uliza pia bima ya afya inashika nani kwa familia, na pesa ya mwisho wa kandarasi. Kumbuka ajenti anataka kumaliza haraka. Kukupigania elfu ishirini zaidi si kipaumbele chake, ni chako.

Matapeli sasa

Hapa ndipo mathe huuza mbuzi bure. Ukiambiwa utume pesa ya intavyu, ya "training" ama ya kupimwa hospitali fulani, kata simu. Umoja wa Mataifa, wenye ofisi kubwa Gigiri, hautozi pesa hatua yoyote ya kuajiri. Maajenti wa ajira nchini wanafaa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kwa hivyo uliza jina la kampuni na ulicheki huko. Kisha pigia shirika lenyewe, kwa namba iliyo kwa tovuti yao, si ile umetumiwa na huyo mtu.

Kitu kingine wengi hawajui: tangu sheria ya ajira ibadilishwe 2022, mwajiri hafai kukudai vyeti vya HELB, KRA, CRB, EACC na good conduct kabla afikie kukupa kandarasi. Usimalize fare ukizunguka navyo kwa ombi la kwanza.

Na kama hakuna anayekupigia?

Kama ndio unaanza, maajenti wa viti vikubwa hawakutafuti bado. Pitia ReliefWeb na tovuti za mashirika yenyewe, tuma moja kwa moja. Lakini ajenti akikupigia kuhusu kazi isiyo saizi yako, usimkatie. Kama unajua mtu anayefaa, muulize huyo mtu kwanza, kisha mpatie ajenti namba. Ajenti hukumbuka nani alimsaidia kufunga kazi, na kazi ikija ya saizi yako, namba yako itakuwa kwa simu yake.