Shule ni ya Nani?

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita Mwatate, na mbele kidogo hufika Bura. Hapo, mwaka 1892, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao katika nchi ya Wataita.

Mapadre walileta kitabu, lakini mtoto wa kukisoma alitolewa na baba na mama. Nao walijua gharama yake: mbuzi walikosa mchungaji, na shamba likapungukiwa na mikono. Kwa hiyo wazazi nao ni waanzilishi wa shule. Tena baada ya Uhuru wa mwaka 1963, kwa moyo wa Harambee, wazazi wa Kenya walichanga fedha na kubeba mawe, wakajenga shule nyingi kwa nguvu zao.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali, na kanisa likawa mdhamini. Tangu hapo wazazi wengi husema, "Shule ni ya serikali, kazi yetu ni kulipa tu." Neno hilo si la kweli. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kuwa wazazi ndio walezi na walimu wa kwanza wa watoto wao. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi viti 6 katika Bodi ya Usimamizi ya shule, hali mdhamini ana 3.

Lakini kiti kisichokaliwa hakina faida. Asiyehudhuria mkutano ataulizaje hesabu ya fedha alizotoa? Na tembo wa Tsavo wakivamia mahindi, mtoto aliyekesha kuyalinda atasinzia darasani, naye mwalimu atamdhania mvivu. Jambo hilo mwalimu hawezi kulitengeneza peke yake. Yafaa wazazi wapeane zamu za kulinda, watoto wapate kulala.

Basi, ndugu msomaji, siku ya mkutano weka jembe chini uende. Ukirudi jioni, fungua daftari la mwanao ulitazame, hata kama wewe hukusoma sana. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema mwalimu amleavyo.