Pesa ya chuo: ipi inapitia simu yako na ipi haipitii

Barua ya kuitwa chuo kikuu ikifika nyumbani, iwe ni Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, furaha huwa ya siku moja. Kesho yake ni hesabu ya karo. Na msimu huohuo matapeli huanza kutuma meseji kwamba ufadhili wako umekwama, tuma pesa kidogo ufunguliwe.

Ukijua pesa ya chuo inapita njia gani, meseji kama hiyo haitakusumbua. Tuifuate hatua kwa hatua.

Pesa ni tatu

Tangu mwaka 2023, mwanafunzi anayepangiwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS hugharamiwa kwa mafungu matatu. La kwanza ni ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi. La pili ni mkopo wa HELB, ambao utalipa. La tatu ni mchango wa familia. Aliyepangiwa chuo cha kibinafsi hapati ufadhili, ila anaweza kuomba mkopo.

Ufadhili unaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Mkopo wa karo pia unaenda chuoni. Kinachokuja kwako wewe mwanafunzi ni mkopo wa matumizi peke yake: chakula, kodi ya chumba, vitabu. Huo ndio unaopitia simu.

Kwa hivyo mtu akikupigia akisema ufadhili wako uko tayari kuingia kwenye simu, kata. Hakuna ufadhili wa karo unaoingia hapo. Na kuomba ni bure. Hakuna ada ya kufungua wala ya kuharakisha.

Hesabu ikoje?

Ombi likishapita, unawekwa kwenye bendi moja kati ya tano kulingana na hali ya nyumbani. Bendi ya 1 ni ya familia zenye kipato cha chini kabisa, na serikali inafadhili asilimia 70 ya gharama ya kozi. Bendi ya 5 ni ya wenye kipato cha juu, na familia inabeba asilimia 40.

Tuchukue mfano wa kozi ya Sh200,000 kwa mwaka na mwanafunzi wa Bendi ya 2. Ufadhili ni asilimia 60, yaani Sh120,000. Mkopo wa karo ni asilimia 30, yaani Sh60,000. Familia inabaki na Sh20,000. Juu ya hapo kuna mkopo wa matumizi wa Sh55,000 kwa mwaka.

Mfumo huu umefika kortini. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka katiba, kisha mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Viwango vinaweza kubadilika, basi kabla ya kuomba angalia hef.co.ke, ambayo ndiyo tovuti ya maombi.

Laini iwe yako

Hapa ndipo wengi hukwama. Fomu inataka nambari ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwanafunzi mwenyewe. Wengi wanaotoka Form Four bado wanatumia laini iliyosajiliwa na mama, kaka au mjomba. Ukiweka nambari hiyo, majina hayatalingana na pesa ya matumizi haitakufikia.

Fanya hivi mapema:

- Kama umetimiza miaka 18 na huna kitambulisho, anzia kwa chifu leo. Usingoje barua ya chuo.
- Ukikipata, sajili laini kwa jina lako, na uhakikishe majina yamefuatana kama kwenye kitambulisho.
- Kwenye laini ya Safaricom, *106# inakuonyesha nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna usiyoijua? Iripoti.
- Nambari uliyoandika kwenye fomu usiibadilishe ovyo ukifika chuo.

Kujaza fomu

Andaa namba zako za KCPE na KCSE pamoja na miaka uliyofanya, picha ya pasipoti, barua pepe, na vitambulisho vya wazazi. Mzazi akiwa amefariki, utahitaji cheti cha kifo. Kama kuna aliyekulipia karo ya sekondari, weka ushahidi wake. Unahitaji pia wadhamini wawili, na wadhamini waambiwe mapema. Si vizuri mtu kugundua kwa meseji kwamba amedhamini mkopo.

Swali la kipato husumbua sana huku kwetu. Baba ni kibarua kwenye mkonge Mwatate, au anachimba vito huko Kasigau. Mama anauza ndizi Taveta. Hakuna payslipu. Msikisie juu kwa aibu, wala msipunguze kwa ujanja. Keti na mzazi, jumlisha kinachopatikana kwa mwaka mzima, mwezi mzuri na mwezi mbaya, kisha gawanya kwa 12. Msimu ambao ndovu waliingia shambani na mavuno yakapotea, nao ni sehemu ya hesabu. Ukiona bendi uliyopewa haifanani na hali ya nyumbani, nafasi ya kukata rufaa ikifunguliwa kwenye tovuti, itumie.

Kama unajaziwa saiba, kaa hapo hapo mpaka mwisho. Barua pepe iwe yako na nywila uiandike wewe. PIN ya simu haihitajiki popote kwenye fomu. Usipeane.

Fungu la familia

Basari za NG-CDF na za kaunti zinaweza kusaidia sehemu hii. Taita Taveta ina maeneo bunge manne: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Uliza ofisi ya NG-CDF ya kwenu na ofisi ya wadi fomu zinatoka lini. Basari hizi kwa kawaida hulipwa kwa chuo.

Kinachobaki, lipa kwa paybill iliyoandikwa kwenye barua ya chuo au tovuti rasmi ya chuo, si ile iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp. Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN, na usifute meseji ya malipo.

Mkopo ni deni

Mwanafunzi wa mfano wetu anakopa Sh115,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni Sh460,000, kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mkopo pia huombwa tena kila mwaka, kwa hivyo weka tarehe hiyo kwenye simu.

Pesa ya matumizi ikiingia, gawa kwanza: kodi, chakula, nauli ya kurudi nyumbani. Pesa ya kubeti haimo humo.

Na ikitokea umetuma pesa kwa tapeli, usione haya. Pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, halafu uripoti polisi. Dakika za kwanza ndizo zenye nafasi ya kuiokoa.